Sauti tamu tunazo, wa kusoma majedwali ndo hawapo

Kitabu cha kwanza nilichopewa nirekodi kilikuwa cha biolojia, na mimi moyoni nilikuwa nataka riwaya. Karibu kila mtu anayekuja kujitolea kwenye kazi hizi za vitabu vya sauti kwa ajili ya wasioona anakuja na riwaya kichwani, au ushairi, kitu ambacho ukikisoma sauti inapanda na kushuka na anayesikiliza anasema huyu anajua kusoma. Hakuna anayeamka Jumamosi asubuhi na baridi ile ya Marekani akiwa na hamu ya kwenda kusoma jedwali la vitamini na magonjwa ya upungufu wake. Sasa nimekaa na hili jambo miaka kadhaa na ninachotaka kusema ni hiki: saa za watu wanaojitolea zinaenda pale wanapopenda wao, haziendi pale msikilizaji alipokwama, na ndo maana unakuta sauti nzuri zimejaa halafu mwanafunzi anaingia kwenye mtihani bila sura ya saba ya kitabu chake.

Nieleze kwanza kazi yenyewe inavyokwenda maana wengi wanadhani ni kusoma tu. Shirika nililokuwa najitolea, jina naliacha, lilikuwa na vyumba vya kurekodia vidogo kama kibanda cha wakala wa M-Pesa, kuta zimevishwa sponji, ndani kuna kiti, maiki, taa na kitabu kwenye stendi. Nje ya kioo anakaa mtu mwingine na nakala yake ya kitabu hicho hicho, hedifoni masikioni, anakufuata mstari kwa mstari. Ukikosea anasimamisha, mnarudi nyuma sentensi moja, mnarekodi juu yake. Kabla ya kuanza mnarekodi kimya, yaani sekunde kadhaa za chumba kikiwa kimya kabisa, ili baadaye anayeediti akitaka kuziba pengo alizibe na kimya cha chumba kile kile, maana kimya cha kompyuta sikio linakigundua haraka sana. Namba ya kila ukurasa unaitaja, kwa sababu mwalimu akisema fungueni ukurasa wa 88 na yule anayesikiliza lazima afike ukurasa wa 88 pamoja na wenzake. Kuna mfumo unaitwa DAISY, unasimamiwa na muungano ulioundwa mwaka 1996, huo ndo unamwezesha msikilizaji kuruka kutoka sura hadi sura, kichwa hadi kichwa, ukurasa hadi ukurasa, badala ya kusikiliza faili moja la saa kumi na nne kama mtu anayetafuta sindano gizani. Saa moja ya kitabu kilichokamilika ilikuwa inatula saa tatu mpaka nne, watu wawili, na hapo bado hajaja mkaguzi wa mwisho.

Siku yangu ya pili nilisoma sentensi inayosema seli nyekundu za damu zilizokomaa za mamalia hazina kiini. Mimi nikasoma zina kiini. Sauti yangu ilikuwa safi, mwendo mzuri, pumzi imekaa vizuri, na nikaendelea mbele bila kujua. Bibi aliyekuwa nje ya kioo, nesi mstaafu, akanisimamisha, akaniambia kwa upole kabisa kwamba anayenisikiliza hana pa kwenda kuangalia tena, kwamba kwake yeye nilichosema mimi ndo kitabu. Anayeona akikuta kosa la chapa jicho linarudi nyuma, linalinganisha na mchoro, linatilia shaka. Anayesikiliza ananiamini. Na kwenye mtihani ataandika zina kiini, atakosa maksi, na hatojua kamwe kwamba maksi ile nilimnyang'anya mimi. Toka siku hiyo nimekuwa na hofu na herufi mbili tatu za kukanusha kuliko neno lolote gumu la Kilatini. Na Kiswahili chetu ndo zaidi, maana kukanusha mara nyingi ni silabi moja tu mwanzoni mwa neno, ina na haina, anaweza na hawezi, ukiimeza umegeuza kitabu chini juu.

Ukitaka kuelewa kwa nini mvutano huu upo ni vizuri kujua kwamba kazi hii ina mizizi miwili. Mmoja uko Uingereza. Askari mmoja, Ian Fraser, alipofuka kwa risasi kwenye mapigano ya Somme, vita vya kwanza vya dunia, mwaka 1916, akaja kuongoza shirika la St Dunstan's lililohudumia wanajeshi waliopoteza macho, na mwaka 1935 wakishirikiana na taasisi ya kitaifa ya wasioona ya huko wakaanza kutoa vitabu kwenye santuri. Santuri ilizungushwa taratibu ili ibebe dakika 25 kila upande, na riwaya moja ilichukua santuri kama kumi hivi. Vitabu vya kwanza vilikuwa hadithi. Na ilikuwa sahihi kabisa, mtu aliyepofuka ukubwani akiwa hajui nukta nundu, yale maandishi ya kusoma kwa vidole, ana haki ya kupata hadithi nzuri jioni kama mtu mwingine yeyote.

Mzizi wa pili uko New York, na huo ndo uliozaa shirika kama lile nililojitolea. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1944 ya kuwalipia karo wanajeshi waliorudi vitani. Kati yao walikuwepo waliorudi hawaoni. Karo imelipwa, chuo kimewapokea, kitabu hawawezi kukisoma. Wakaandika barua Maktaba ya Umma ya New York kuomba msaada, na mama mmoja wa kamati ya akina mama wa maktaba ile, Anne Macdonald, akakusanya wenzake wakaanza kuwasomea na kurekodi, darini mwa tawi la maktaba, mwaka 1948. Santuri zao zilikuwa ndogo za inchi sita, zinabeba dakika kama 12 tu upande mmoja. Hebu fikiria kitabu cha sheria kwa vipande vya dakika 12. Msimamo wa Macdonald ulikuwa kwamba elimu ni haki, haitolewi kwa upendeleo. Shirika lile baadaye likaongeza watu wenye disleksia kwenye jina lake mwaka 1995, na toka 2011 linaitwa Learning Ally, na wengi wanaolitumia siku hizi ni watoto ambao macho yao yanaona vizuri ila herufi haziwakubali. Hili la disleksia kwetu bado halijaeleweka vizuri, mtoto anaitwa mvivu, anachapwa, anarudia darasa, wakati akisomewa anaelewa kuliko wote. Tuliache kwa leo, linahitaji makala yake.

Angalia hapo mama yule alipoanzia. Hakuanza kwa kuuliza mimi nina sauti nzuri nisome nini. Alianza na barua: mtu flani, chuo flani, kitabu hiki, mtihani tarehe hii. Kazi ilizaliwa ikiwa na dedilaini. Tatizo ni kwamba haki ikiachwa ihudumiwe na watu wanaojitolea, polepole inaanza kufuata ratiba ya anayejitolea. Hakuna mtu mbaya hapo. Unakuja baada ya wiki nzima ya kazi, umechoka, hulipwi, mratibu anakuonea huruma anakuuliza ungependa kusoma nini, unamjibu unachopenda, basi.

Nitoe mfano ulioniuma. Kulikuwa na mwanafunzi aliomba kitabu cha takwimu, kile cha mwaka wa kwanza chuoni. Kikagawanywa kwa sura, kila sura watu wajiandikishe kwenye orodha. Utangulizi ulichukuliwa siku hiyo hiyo. Sura ya pili, historia ya sensa, ikachukuliwa. Sura ya tatu na ya nne zikaenda kwa kusuasua. Sura ya saba ilikuwa na grafu kumi na kitu, majedwali kurasa nne mfululizo, na fomula. Ilikaa kwenye orodha wiki, ikakaa mwezi. Kila aliyekuja aliifungua, akaiangalia, akaifunga, akachukua kitu kingine, na mmoja wao nilikuwa mimi, nilichukua wasifu wa mwanamuziki kwa sababu ulikuwa mtamu na nilikuwa naumaliza kwa Jumamosi tatu. Sura ya saba ilikuja kurekodiwa mtihani ukiwa umeshapita. Sisi kwenye hesabu zetu za mwisho wa mwaka tulikuwa na saa nyingi sana za kurekodi, tukapewa vyeti na keki. Yule kijana hakuna mahali alipoandikwa.

Na kusoma grafu ni kazi ya akili kwelikweli, naomba nilikae hili kidogo. Huwezi kusema "hapa kuna grafu" ukapita. Unaanza na kichwa chake, halafu ni ya aina gani, halafu mhimili wa mlalo unapima nini kutoka ngapi mpaka ngapi, kisha wa wima, halafu mwendo wa jumla, inapanda, inashuka, inapanda kisha inalala, ndo uende kwenye namba zenyewe. Na lazima ujizuie, maana kama swali chini ya grafu linauliza mauzo yalianza kushuka mwezi gani, ukisema kwenye maelezo yako kwamba mauzo yalianza kushuka mwezi wa saba umemjibia mtihani. Ukinyamaza kabisa umemnyima. Kati ya hapo na hapo kuna uzi mwembamba na kila mchoro una uzi wake. Jedwali nalo hivo hivo, ukisoma namba tupu mfululizo ikifika safu ya tano msikilizaji keshapotea, inabidi urudie kichwa cha safu kila mara, unachosha sikio lakini anajua yuko wapi.

Hesabu ndo usiseme. Soma kwa sauti: moja juu ya x, jumlisha moja. Sasa niambie, ile jumlisha moja iko chini ya mstari au iko pembeni? Weka x ni 1, jibu la kwanza ni nusu, la pili ni mbili. Anayeona hana shida, mstari wa sehemu unamwonyesha. Anayesikiliza anakutegemea wewe useme anza sehemu, juu moja, chini x jumlisha moja, maliza sehemu, na useme vile vile kila mara kitabu kizima bila kubadilisha, maana ukibadilisha mtindo ukurasa wa 40 atadhani ni kitu kipya. Hapo sauti tamu haikusaidii chochote. Anayetakiwa ni mtu anayeelewa anachokisoma, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, fundi, muuguzi, mhasibu, hata kama ana kikohozi na lafudhi nzito.

Halafu kuna hili la kompyuta zinazosoma, ambalo watu wengi tunaojitolea tunaliogopa, na mimi naona tunaliogopa vibaya. Wasioona wengi ninaowafahamu wanasikiliza sauti ya mashine kwa kasi ambayo mimi nasikia mvumo tu, na wanaelewa kila kitu, na kwa maandishi ya kawaida wengine wanaipenda zaidi kuliko sauti yangu kwa sababu ni ya haraka na haina mapozi. NVDA, programu ya kusoma skrini iliyoanzishwa na vijana wa Australia mwaka 2006, inatolewa bure na Kiswahili inakisoma, ingawa kwa sauti kavu. Microsoft wana sauti za Kiswahili za Tanzania na za Kenya ambazo zimelainika sana. Na Kiswahili kwa mashine ni lugha rahisi kuitamka, tunaandika kama tunavyosema, mkazo karibu siku zote uko silabi ya pili kutoka mwisho. Itakosea barabara, ile ya magari na ile ya kusema sawasawa, maana zinaandikwa sawa na mkazo ni tofauti, ila hilo msikilizaji mwenyewe anaweza kulirekebisha kichwani. Kwa hiyo aya za kawaida mashine inaziweza. Isichokiweza kwa uhakika ni kile kile tunachokikimbia sisi: mchoro wa moyo, ramani ya mvua, jedwali lililoskaniwa likatoka herufi zimechanganyikana, fomula iliyobandikwa kama picha. Yaani mashine imetuachia hasa kazi ambayo binadamu anatakiwa, na bado tunagombania riwaya. Sijui nilisemeje hili bila kuwaumiza wenzangu ninaowaheshimu, ila ndo ukweli ninavyouona.

Sasa nije nyumbani. Nina mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, haoni toka utotoni, kasoma shule ya bweni Tanzania pamoja na wanaoona. Aliyemsomea si shirika, ni wenzake wa bwenini. Baada ya prepu mmoja anakaa kitandani anasoma notisi kwa sauti, yeye anazipiga kwa nukta nundu, na yule anayesoma ana mtihani huo huo kesho. Hao ndo voluntia wa kwanza niliowajua maishani na hakuna aliyewaita hivo. Alipofika kidato cha tano simu zikawa zimeingia, watu wakaanza kumtumia voisi za WhatsApp. Nia nzuri mno. Ila hebu ingia kwenye simu yake: voisi sitini na kitu, hazina majina, nyingine imeanza katikati ya sentensi, nyingine kuna redio nyuma, nyingine inasema kama mnavyoona kwenye mchoro, na ukitaka ukurasa wa 61 unazipitia zote moja moja. Na bando linaisha, na simu inajaa, anafuta za Jiografia ili za Historia ziingie.

Wanaosema hakimiliki ndo inazuia vitabu visirekodiwe nao wasikilize. Mkataba wa Marrakesh ulipitishwa mwezi Juni mwaka 2013 ukaanza kutumika Septemba 2016, na kazi yake ni kuruhusu vitabu vigeuzwe kwa ajili ya wasioona, wenye uoni hafifu, wenye disleksia, hata asiyeweza kushika kitabu kwa mikono, na kuruhusu nakala hizo zivuke mipaka, bila kila mara kwenda kumpigia magoti mwenye haki. Kenya ilijiunga 2017, Uganda 2018, Tanzania 2020. Maana yake kitabu cha Kiswahili kikisomwa vizuri Nairobi hakuna sababu kisisikilizwe Dodoma. Mlango uko wazi. Kinachokosekana ni watu wa kukaa chini na ukurasa wa 61.

Na watu wapo, ndo kinachoniuma. Waswahili tuna vipaji vya kusoma kwa sauti vya kutosha dunia nzima, watangazaji, walimu, masheikh, wasomaji wa kanisani, vijana wa podikasti. Tukiitisha leo watu wa kurekodi hadithi watajaa. Tunachotakiwa kubadilisha ni nani anayepanga. Orodha itoke kwa wanafunzi, itoke shuleni, kitabu gani, sura gani, mtihani lini, na anayekuja kujitolea apewe sura iliyokwama, asiulizwe anapenda nini. Miezi yake ya kwanza awe nje ya kioo akifuata mstari, ajifunze kusikia zina badala ya hazina, ndo apewe maiki. Anayeelezea mchoro akae na mtu asiyeona wausikilize pamoja kabla faili halijatoka, maana yeye pekee ndo anajua kama umemfikisha. Na saa tulizorekodi tuache kuzihesabu, tuhesabu wangapi walipata kitabu kizima kabla ya mtihani, hata kama namba itakuwa ndogo kiasi cha kutia aibu kwenye ripoti ya mfadhili. Watakaoondoka kwa sababu walitaka riwaya waende kwa amani, wapo wenye muda na majukwaa ya kurekodi hadithi kwa yeyote anayetaka kusikiliza, na hilo nalo ni jema.

Mimi studio iliponifungia 2020 niliendelea kurekodi nyumbani, ndani ya kabati la nguo, makoti ndo sponji. Siku hizi kazi yangu kubwa ni ya mdogo wangu na wenzake wawili. Yuko chuo, anasoma ualimu, muhula huu ana somo la takwimu. Jumamosi iliyopita rafiki yake alinitumia picha ya ukurasa wenye jedwali la safu sita. Nililisoma mara mbili kwa majaribio, la tatu ndo nikalirekodi, dakika nne na ushee, nikalipa jina na namba ya ukurasa nikatuma. Baada ya nusu saa mdogo wangu akaniandikia, dada, safu ya nne mstari wa pili, ni 0.5 au 5? Nikarudi kusikiliza. Kitabuni ilikuwa 0.5, mimi nilikuwa nimesema nukta tano bila sifuri mbele, na ile nukta ikamezwa na pumzi. Nikaingia tena kabatini nikalisoma jedwali zima upya.